Kabla Ushike Uzi, Tazama Juu

Kuna aina ya video imeanza kunikera. Unaijua. Kifaranga wa ndege, uchi, macho bado yamefungwa, amelazwa ndani ya kiota cha kroshia rangi ya waridi. Muziki wa huzuni. "Nimemwokoa." Laiki zinamiminika. Wiki inayofuata hakuna sehemu ya pili, na hakuna mtu anauliza kwa nini. Mara nyingi jibu ni rahisi: alikufa.

Mafundi wa kroshia, msinirukie. Kiota cha uzi kiko na kazi yake. Marekani kuna watu wanaojitolea kuvifuma na kuvituma kwa vituo vinavyotunza wanyamapori, na huko vinasaidia kweli. Ukimweka kifaranga kwa sanduku tambarare, miguu inateleza kila upande na inaweza kukua imepinda. Kiota chenye kuta zilizosimama kinaishika miguu chini ya mwili na kumhifadhia joto.

Lakini hicho ni kifaa cha hospitali. Mishono imebanwa mpaka kidole cha ndege hakipiti. Ndani kunawekwa tishu inayobadilishwa kila ikichafuka, na chenyewe kinafuliwa. Sasa wewe umefuma kitu chenye matundu kama zile topu za kwenda Diani, halafu unamweka humo kiumbe mwenye kucha nyembamba kama sindano. Uzi mmoja uliolegea ukimzunguka mguu, damu inakatika na mguu unakufa.

Na hapo hatujafika kwa swali lenyewe: nani alikwambia huyo ndege anahitaji kuokolewa?

Kama ana manyoya na anarukaruka chini, huyo anajifunza kuruka. Wazazi wake wako hapo karibu, wanakungoja utoke. Mtoe barabarani au mbali na paka, umweke kwa kichaka, uende zako. Ukimbeba nyumbani hujamwokoa. Umemteka.

Kama yuko uchi, tazama juu. Kiota chake kiko kwa huo mti. Mrudishe. Ile hadithi ati mama atamkataa kwa sababu ananuka mkono wa binadamu ni uongo. Kiota kimeanguka? Chukua kikapu kidogo au kopo ulilotoboa chini, tandika nyasi kavu, ufunge kwa mti uleule, kisha usimame mbali uangalie. Usitumie uzi huko nje. Mvua ikinyesha unaloa, na kifaranga anakaa kwa baridi usiku mzima.

"Lakini angalau mimi nafanya kitu." Kitu gani? Mama ndege analeta wadudu kuanzia alfajiri mpaka jioni, tena na tena. Wewe uko na klasi saa mbili. Unampa maziwa, ambayo tumbo lake haliwezi kusaga. Unampa mkate. Unamdondoshea maji mdomoni, na kwa sababu njia yake ya hewa inafungukia hapo nyuma ya ulimi, maji yanaingia mapafuni. Isitoshe, sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali, na ndege wa porini ni mnyamapori. Akiwa ameumia kweli, mweke kwa boksi lenye giza na joto, usimlishe, upigie KWS au daktari wa wanyama. Kamera ingoje.

Na kama roho yako inauma kweli, uliza hao vifaranga wanaanguka kutoka wapi. Mvua ikija, ndege wengi hapa Nairobi wanajenga. Ni wakati huohuo landlodi anaita watu wa msumeno "wapunguze matawi". Mti unalala chini na viota vyote. Hapo ndipo kila mtu anatoa simu.

Ndege wengi wadogo wanatoka yai hadi kuruka kwa muda wa kama mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu! Mwambie landlodi angoje. Andika kwa grupu ya ploti. Piga kelele. Mnakumbuka mugumo wa Waiyaki Way mwaka wa 2020? Ulikuwa umepangiwa kung'olewa kwa sababu ya barabara ya Expressway. Watu wakapiga kelele, na mti bado umesimama. Mti mmoja una viota vingi kuliko utakavyofuma wewe mwaka mzima, na mnana anasuka kwa mdomo bila kununua hata rola moja ya uzi.

Unataka bado kufuma? Poa. Uliza kwanza mahali wanapotunza ndege kama wanavihitaji, na vya ukubwa gani. Bana mishono. Peleka bila kujirekodi.

Haya, nitukaneni. Lakini kesho ukipata kifaranga chini ya mti, usianze na simu. Anza na kutazama juu.