Unga mkavu haumshibishi aliyepoteza sufuria

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA)

Mheshimiwa,

Mimi ni mpishi wa Wandegeya, na ninakuandikia kuhusu mlo wa usiku wa kwanza, usiku ule ambao mtu ameponea chupuchupu na hana hata kijiko.

Mvua kubwa ikinyesha, maji hushuka kutoka kilima cha Makerere na kile cha Mulago yakakutana bondeni Katanga. Msimu mmoja jirani yangu alitoka nyumbani kwake na watoto wawili na shuka moja. Kesho yake alipewa msaada: mfuko wa unga wa posho na maharagwe makavu. Nilimkuta ameketi juu ya mfuko huo, kwa kuwa kiti hakuwa nacho tena. Sufuria ilikwenda na maji, sigiri ilijaa matope, mkaa ulilowa. Maharagwe makavu yanataka saa mbili au tatu za moto mzuri. Watoto walilia njaa huku wameegemea chakula.

Aliyempa alikuwa na nia njema. Kilichokosekana ni utaratibu.

Tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi liliporomoka, likaua watu zaidi ya 30 na kuwaacha wengine bila makao. Serikali ilitangaza shilingi milioni 5 kwa kila familia iliyofiwa na milioni 1 kwa kila majeruhi. Fedha hizo zina kazi yake, lakini huja baada ya orodha na mikutano. Njaa haingoji orodha.

Mheshimiwa, Kampala haihitaji kufundishwa kupikia wenye dhiki. Tunavyo vikundi vya munno mukabi, yaani rafiki yako katika dhiki. Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Waganda wamelifanya neno hilo kuwa chama. Wanachama huchanga kidogo kidogo, wakanunua masufuria makubwa, sahani, viti na turubai. Msiba ukitokea usiku, kabla ya jua kuchomoza mafiga yameshapangwa, kuni zimepasuliwa, matooke yamemenywa na kufungwa kwenye majani ya migomba, na maharagwe yanatokota. Hakuna anayedai ujira. Umati unakula, kisha sahani zinaoshwa na kuhesabiwa moja moja.

Wenzetu duniani wamefikia hapo hapo. Mpishi José Andrés alianzisha World Central Kitchen mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, na shirika hilo limejengwa juu ya kuwatumia wapishi wa mahali penyewe. Sisi wapishi hao tunao tayari, kila mtaa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila kata ya jiji iwe na orodha ya vikundi vya munno mukabi na simu za viongozi wao, ili maafa yakitokea waitwe saa ileile. Pili, masoko yaliyo chini ya Mamlaka, na letu la Wandegeya likiwemo, yafunguliwe usiku huo yawe majiko, pawepo maji safi, kuni na afisa wa afya wa kusimamia usafi, maana mafuriko na kipindupindu ni majirani. Tatu, itengwe fedha ya kununua matooke, mchele na maharagwe kwa wachuuzi wetu wenyewe, ilipwe bila kuchelewa. Unga mkavu utolewe baadaye, mtu akishapata paa na jiko.

Sahani ya chakula cha moto humrudishia mtu nguvu ya kuwatafuta watu wake na kuzika waliokufa. Pia humwambia kwamba kuna aliyekesha kwa ajili yake.

Mvua zitarudi, Mheshimiwa. Masufuria tunayo na mikono tunayo. Tunaomba kuni, maji safi na ruhusa yako kabla hazijanyesha.

Wako katika kulijenga jiji,
Mpishi wa Wandegeya