Diski ya Nje Isipoonekana, Usiifute



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za homa za watoto, lishe na usafi wa nyumba. Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya kompyuta, kwa sababu nayo imeingia katika shughuli zetu. Hapa Singida, tangu Manyoni hadi Mkalama, utakuta kikundi cha akina mama au ofisi ya usharika ina kompyuta moja tu, na ndani yake mna kila kitu: hesabu za kuweka na kukopa, majina ya waliobatizwa, picha za harusi na za mazishi. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, kompyuta ikaungua, hakuna tena ajuaye nani anadaiwa kiasi gani. Na hesabu za fedha zikipotea, akina mama huanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo wengi wamenunua diski ya nje, ile inayochomekwa kwa waya, na kuweka programu inayotoa nakala ya mafaili yote kila juma. Hilo ni jambo jema. Lakini malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara ni haya: mama anachomeka diski, anafungua programu, na programu inasema haioni diski yoyote. Anashikwa na hofu. Anaitwa kijana wa jirani, kompyuta inauliza kwa Kiingereza kama diski ifanyiwe "format", kijana anabonyeza kukubali, na nakala za miaka mitatu zimekwenda.

Mpendwa msomaji, "format" ni kuiandaa diski upya kana kwamba haijawahi kutumika. Kwa diski mpya ni sawa. Kwa diski yenye hesabu za kikundi ni hatari kubwa, nayo haiponyi kitu. Diski isiyoonekana mara nyingi ni nzima. Sisi wauguzi tunafundishwa kumtazama mgonjwa kabla ya kushika sindano, na hapa pia tutazame kwanza.

Anza na waya. Baadhi ya nyaya zinazouzwa pamoja na chaja za simu hupitisha umeme tu, hazipitishi habari. Taa ya diski itawaka, nawe utadhani kila kitu ni sawa, kumbe kompyuta haijapata neno lolote. Tumia waya uliokuja na diski yenyewe. Kisha badili tundu. Kwa kompyuta ya mezani, chomeka nyuma, si mbele, na usipitie kile kigawanyio cha matundu mengi. Diski ndogo hutegemea umeme wa tundu lenyewe. Tundu la USB la aina ya 2 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na la aina ya 3, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, miliampea 900. Diski ikikosa nguvu huwaka na kuzima, huwaka na kuzima. Diski kubwa za mezani zina chaja yake, nayo lazima iwe imechomekwa ukutani.

Tega sikio pia. Ukisikia inagonga tik, tik, tik, ichomoe na usiijaribu tena na tena. Huo ni ugonjwa wa ndani, na kila jaribio laweza kuuzidisha. Mpelekee fundi anayejua kazi hiyo.

Kama haigongi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, uchague "Disk Management". Hapo kompyuta huorodhesha diski zote, hata zile ambazo programu haizioni. Ikiwa diski yako haimo kabisa, rudi kwenye waya, tundu na umeme, au ijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikiwa imo lakini haina herufi kama E au F, tatizo ni dogo: bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua sehemu ya kubadili herufi, uipe herufi yake. Napenda kuipa herufi ya mbali, tuseme M. Sababu ni kwamba programu nyingi zimeagizwa kupeleka nakala kwenye E. Siku moja mtu anatangulia kuchomeka flashi ya kwaya, flashi inachukua E, diski inakuwa F, na programu inalalamika. Ukishaweka herufi, funga programu uifungue upya, kwa kuwa baadhi huhesabu diski pale tu zinapoanza.

Ikiwa imeandikwa "RAW" au "Not Initialized", na unajua ndani mna vitu vyako, bonyeza kukataa kila unachoulizwa. Jiulize diski ilitoka wapi. Wageni wa usharika kutoka Ulaya au Marekani mara nyingine hutuachia diski iliyoandaliwa kwa kompyuta ya Apple. Windows haiwezi kuisoma diski ya namna hiyo, hivyo huomba kuifuta, ingawa yaliyomo ni mazima kabisa na yatafunguka kwenye kompyuta ya Apple. Nyingine imefungwa kwa ufunguo wa BitLocker, ambao ni tarakimu 48. Tafuta karatasi ilipoandikwa kabla ya kukata tamaa.

Kuna wakati mwingine unaowashangaza wengi. Kompyuta imekufa, mnaiwasha kwa flashi ya uokoaji iliyotengenezwa na programu ile ile, na diski haionekani hapo, ingawa jana ilionekana. Flashi hiyo hubeba mfumo mdogo, na pengine haufahamu matundu ya USB ya aina ya 3. Hamishia diski kwenye tundu jeusi la aina ya 2, ichomeke kabla ya kuwasha, kisha washa. Jaribuni jambo hili sasa, kompyuta ikiwa nzima, pamoja na kurudisha faili moja kutoka kwenye diski ili kuona kama linafunguka.

Kwa dada zangu wa zahanati za kanisa nina neno la ziada. Diski yenye majina na magonjwa ya watu haipelekwi kwa fundi yeyote wa steshenari aliye karibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Fundi aje kituoni, afanye kazi mbele ya mhusika, na diski isitoke nje ya mlango.

Mama mmoja ameniuliza kama flashi haitoshi, maana diski ni ghali. Kwa hesabu za kikundi na barua inatosha kwa muda, ila msiitembeze kwenye kila kompyuta ya mjini, mtarudi na virusi vinavyoficha mafaili. Kwa nakala ya kompyuta nzima haifai. Flashi nyingi huja zimeandaliwa kwa mtindo wa FAT32, usiokubali faili la gigabaiti 4 au zaidi, na ile programu ya zamani ya Windows ya kunakili mfumo mzima huikataa flashi kabisa hata ikiwa na nafasi. Changeni taratibu mnunue diski. Mkiweza kupata mbili, moja ikae nyumbani kwa mhazini na si kwenye kabati la ofisi pamoja na kompyuta.