Tusimnyang'anye Mtoto Ndagala Wake

Wenye mabwawa wengi huku Gitega na Muyinga hudhani samaki hujiotea kama nyasi. Humwaga pumba za mahindi majini, wakangoja miezi, kisha wakavua perege wasiozidi kiganja. Ndipo utakapowasikia wakilaumu baridi. Ni kweli, Gitega iko juu kiasi cha mita 1,500, na perege hupenda joto. Lakini baridi haistahili lawama yote. Iko na njaa, njaa ya tumbo lililoshiba.

Protini hujengwa kwa asidi amino. Mwaka 1957 John Halver na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba samaki wa jamii ya samoni hawezi kujitengenezea kumi katika hizo. Hana budi kuzila. Perege naye ni vivyo hivyo. Ikipungua moja, nyingine hazijengi kupita kipimo cha hiyo. Mfikirie fundi mwenye fremu kumi za baiskeli na magurudumu mawili: ataunda baiskeli moja tu. Kwa samaki, ziada hiyo haiwekwi akiba. Hutoka kuwa amonia, na bwawa likachafuka.

Mahindi yana upungufu wa laisini. Soya ina laisini nyingi, lakini methionini kidogo. Samaki waliosagwa wana zote, na kwa hiyo wengine hutushauri tusage ndagala wa Ziwa Tanganyika tuwalishe perege. Hapo mimi siafiki. Ndagala ni kitoweo cha mnyonge. Mama wa Muyinga, aliye mbali na ziwa, hununua kipimo kidogo tu ili watoto wapate cha kulia ugali. Tukiwamaliza kwa kuwasaga, tutakuwa tumempokonya mtoto tonge ili kumnenepesha perege ambaye mtoto huyo hatamwonja.

Yafaa basi tutumie soya iliyokaangwa, kwa maana soya mbichi huzuia chakula kisisagike tumboni. Tuichanganye na pumba, kisha tuongeze methionini ya kiwandani, gramu chache kwa kila kilo. Unga huo usimwagwe ovyo majini, utapotea. Ukandwe kwa uji wa muhogo, ufanywe vidonge na kuanikwa.

Wako watakaosema kwamba dawa hiyo yatoka ng'ambo, na fedha za kigeni ni haba. Wana haki. Lakini mfuko mmoja wa ushirika waweza kugawanywa kwa mabwawa mengi. Na anayeukosa atumie mashudu ya alizeti, yenye methionini kuliko soya.

Shule yenye nafasi na ichimbe mabwawa mawili yaliyo sawa. Moja lilishwe pumba tupu, la pili mchanganyiko huu, na wanafunzi wapime samaki kila mwezi. Mizani itatuamulia ubishi huu.