Tunachagua kwa Uvumi

Mwanafunzi wa uhasibu hufundishwa tangu wiki ya kwanza kwamba hakuna tarakimu inayoingia katika leja bila hati ya kuithibitisha. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo, akipewa fomu ya kuchagua masomo ya hiari, huijaza bila hati yoyote. Huwauliza wenzake wa mwaka wa tatu maswali mawili tu: mwalimu gani anatoa alama nzuri, na somo gani halina kazi nyingi? Akishajibiwa, hutia saini. Huo si uchaguzi, ni uvumi. Naandika insha hii kuupinga, na nawaomba wenzangu wanivumilie, kwa sababu nitasema mambo yasiyopendeza sana kwenye mabweni yetu hapa Kampala.

Nianze na jambo linaloniuma zaidi. Katika programu yetu, Kiswahili cha biashara ni somo la hiari. Muhula huu tumejiandikisha wanafunzi tisa. Somo jingine la saa hiyo hiyo, linalosifiwa kwa wepesi wake, limejaa mpaka watu wanasimama mlangoni. Tumeambiwa kwamba somo lisilofikisha wanafunzi kumi na watano linaweza kuondolewa mwaka ujao. Kwa hiyo uvumi hauharibu maisha ya mtu mmoja tu. Unaweza kufunga mlango ambao wadogo zetu wangetaka kuupitia.

Wanaokikataa Kiswahili wana sababu mbili. Ya kwanza wameirithi: kwamba hii ni lugha ya askari na wezi. Wazee wetu walioona bunduki zikiamrisha kwa Kiswahili wana haki ya kukumbuka walichokiona. Lakini sisi tuliozaliwa baadaye tunarudia maneno ya wazee bila kuwa na kumbukumbu zao. Ya pili ni kwamba mitihani yote ya uhasibu hufanywa kwa Kiingereza, basi Kiswahili kitatusaidia nini?

Ningeweza kujibu kwa kutaja sheria. Mabadiliko ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini sitetei somo hili kwa sababu serikali imesema. Serikali imesema mengi. Nalitetea kwa sababu za kazi yetu wenyewe.

Mkaguzi wa hesabu hakagui karatasi peke yake. Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 500 kinataja njia za kupata ushahidi: kukagua hati, kutazama kazi inavyofanyika, kupata uthibitisho kutoka nje, kuhesabu upya, na pia kuuliza. Kuuliza kunahitaji lugha ya anayeulizwa. Bidhaa nyingi zinazoingia Uganda hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima kwenda Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na sehemu kubwa ya kilomita hizo iko Tanzania, ambako ofisi ya kijiji, ghala na kituo cha polisi hufanya kazi kwa Kiswahili. Atakayekagua fidia ya mkulima wa huko atamuuliza kwa lugha gani kama kweli alipokea fedha zilizoandikwa kwenye orodha?

Nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika kampuni ya wakala wa forodha, ankara moja kutoka Dar es Salaam ilikataa kulingana na hati ya kupokea mizigo. Tofauti ilikuwa mifuko arobaini. Ofisi ilikuwa imetuma barua pepe za Kiingereza kwa siku tatu bila majibu. Niliomba ruhusa nikapiga simu. Aliyepokea alikuwa mtunza stoo, mzee kwa sauti yake, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia "Marahaba," akaniuliza habari za Kampala, kisha akanieleza kwamba mifuko hiyo ilinyeshewa na mvua ikarudishwa, na hati ya kupunguza deni ilikuwa mezani kwake ikisubiri mtu wa kuiulizia. Maelezo ya mdomo hayatoshi kuwa ushahidi, kwa hiyo nilimwomba atume hati yenyewe, naye akaituma kabla ya saa ya chakula. Hakuna mtihani uliopima jambo hilo, lakini hesabu zilifungwa kwa sababu yake.

Ugonjwa huu wa uvumi hautuachi tukimaliza shahada. Unatufuata kwenye hatua inayofuata. Darasani kwangu, ukiuliza watu watasomea nini baadaye, wengi hujibu ACCA kabla hujamaliza swali. Ukiuliza kwa nini, hujibu, "Ni ya kimataifa." Sina ugomvi na ACCA. Ni chama kilichoanzishwa mwaka 1904, kinaheshimika, na anayetaka kufanya kazi Dubai au London ana sababu nzuri ya kukichagua. Mgala muue na haki mpe. Lakini ni wangapi kati yetu wana mpango huo, na ni wangapi wanasikia tu utamu wa neno "kimataifa"?

Tazameni karatasi zenyewe. Katika ngazi ya juu, mwanafunzi wa ACCA huchagua mbili kati ya nne: usimamizi wa fedha, usimamizi wa utendaji, kodi, au ukaguzi. Hapo tena wengi huuliza ipi watu hawaifeli. Karatasi ya ukaguzi inaogopwa, basi inakimbiwa hata na wale wanaosema wanataka kuwa wakaguzi. Karatasi ya kodi hutolewa kwa sheria za nchi chache, na Uganda haimo. Utaijua kodi ya Uingereza vizuri, kisha mteja wako wa Kikuubo atakuuliza kuhusu EFRIS. Isitoshe, chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2013, hata mwenye ACCA akitaka kutia saini ripoti ya ukaguzi hapa Uganda lazima awe mwanachama wa ICPAU na apate cheti cha kumruhusu kufanya kazi hiyo. Na CPA ya nyumbani haikufungi nyumbani: mwaka 2011 vyama vya wahasibu vya Afrika Mashariki vilitia saini mkataba wa kutambuana, ili mhasibu wa Kampala aweze kukubaliwa Nairobi, Kigali au Dar es Salaam. Mkataba unaweza kukufikisha mlangoni. Ukiwa ndani utalazimika kuzungumza.

Kwa hiyo kipimo changu ni kifupi. Kabla ya kuchagua somo au cheti, jiulize utafanya kazi wapi, sheria ya nchi gani itakuongoza, na nani utakayemuuliza maswali. Ukiweza kujibu, chagua unachotaka, hata kama si ninachokipenda mimi.

Waalimu wetu nao nawaheshimu, lakini lawama si yetu peke yetu. Fomu mnazotupa zina jina la somo na namba yake, basi. Mahali pasipo na maelezo, uvumi hujaa. Wekeni aya moja ya kueleza kila somo linamwandaa mtu kwa kazi gani. Na somo la Kiswahili lenyewe lisiishie kwenye salamu na methali. Litufundishe urari, mizania na uchakavu. Litufundishe tofauti kati ya hati inayoridhisha, hati yenye shaka na hati mbaya, maneno ambayo kila msomaji wa magazeti wa Tanzania huyaona ripoti ya Mkaguzi Mkuu inapotoka. Likifundishwa hivyo, halitahitaji kutetewa na insha.

Kwa sasa linahitaji. Tuko tisa, wanahitajika sita.