Moto wa chini ya ardhi una wenyewe

Kuna tangazo linalozunguka kwenye simu za watu hapa Annexe. Safari ya siku moja: gari la familia yako peke yenu, gidi wenu peke yenu, chakula cha mchana ndani ya bei, kwenda kuona nchi ya volkano na maji yanayochemka yenyewe kutoka chini ya ardhi. Ni huko Kenya, karibu na Naivasha. Kasapa na Kalebuka watu wamelicheka. Mfuko wa makala tu ni shida, nani atalipa ndege ili akatazame mvuke?

Mimi sikucheka. Katikati yetu, katika nyumba za kupanga za Luwowoshi na Kasungami, kuna familia zilizofika na mabegi mawili kutoka Goma, kupitia Uvira na Kalemie. Hizo familia zinajua moto wa ardhi kuliko mwandishi yeyote wa tangazo. Waliishi juu yake. Swali langu ni hili: safari kama hiyo ikiuzwa, iwe Kenya, iwe kwetu, mwenye ardhi anapata nini? Kwa maoni yangu, anayeuza macho ya volkano ana deni kwa anayeishi pale. Ampe kazi ya ugidi, aseme ukweli wa mambo yaliyotokea, na moto ule ukitoa umeme, mwenyeji naye awashe taa.

Tuanze na Naivasha yenyewe, kwa sababu ni safari ya kweli na watu wengi wanaifanya. Mtu anatoka Nairobi asubuhi mapema, anateremka Bonde la Ufa, na baada ya kilomita kama 90 yuko kwenye mbuga ya Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984. Pale anaweza kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya kuta za mawe, pundamilia wakila majani kando. Korongo lina sehemu ambapo maji ya moto yanachuruzika kutoka ukutani. Halafu yanakuja mabomba makubwa, marefu, yanayobeba mvuke kwenda kwenye mitambo ya Olkaria. Mtambo wa kwanza ulianza mwaka 1981 na megawati 15. Leo Kenya inatoa zaidi ya megawati 800 kutoka kwa joto la ardhi, na karibu nusu ya umeme wa nchi ile unatoka humo. Kazi yenyewe si uchawi: wanachimba shimo la kilomita mbili au tatu, mvuke unapanda kwa nguvu, unazungusha mashine, na maji yanayobaki yanarudishwa chini. Hakuna mazuti wala makala, na mvua ikikosa mashine hazisimami. Mtu wa Lubumbashi anayelala gizani siku tatu mfululizo, akiona vile, lazima roho imuume kidogo.

Lakini kuna jambo ambalo matangazo hayaliandiki. Mwaka 2014, ili mtambo wa Olkaria IV usimame, familia za Wamasai za vijiji 4 zilihamishwa. Walipewa nyumba mpya, shule, na ardhi ya eka 1,700 mahali panapoitwa RAPland. Ukisikia hivyo utasema: basi, wamepata. Ndivyo wanavyosema watu ambao hawajahamishwa hata mara moja. Wenyewe walilalamika kwamba ardhi mpya ina mabonde makali, kwamba barabara ni mbaya, kwamba hati ya ardhi inachelewa, na kwamba wapo waliosahauliwa kwenye orodha. Walipeleka malalamiko yao mpaka Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa zimetoa pesa za mradi. Wakasikilizwa, wakakaa mezani na kampuni ya umeme kupitia wapatanishi, na mwaka 2016 wakatia sahihi makubaliano.

Nalikazia hili kwa ajili ya ba mama na ba papa waliokuja kwetu kwa sababu ya vita, na wale wa Mitwaba, Pweto na Manono waliokimbia miaka ya nyuma. Mnaijua ile orodha, na mnajua jina kukosa kwenye karatasi ni nini. Wamasai wa Olkaria hawakukimbia risasi, lakini waliona mlango uleule: mtu wa nje anakuja na kalamu, anakuuliza mko wangapi, halafu maisha yako yanategemea jibu aliloandika. Tofauti ni kwamba wao walijua ni nani wa kumlalamikia, wakafika. Sisi hapa, mara nyingi, hata ofisi ya kugonga hatuijui.

Na kuna gidi. Septemba 2019, mvua ilinyesha juu, maji yakashuka ghafla ndani ya korongo la Hell's Gate na kuua watu 7. Mmoja wao alikuwa gidi mwenyeji. Msafiri anakutana na hatari ile siku moja. Gidi anaingia nayo kila asubuhi.

Sasa turudi kwetu, kwa mlima ambao watu wa Goma hawahitaji kuelezwa. Nyiragongo ina mita 3,470, na kwa miaka mingi ndani ya shimo lake kulikuwa na moja ya maziwa makubwa ya lava duniani. Kibali cha kuupanda kilikuwa dola 300 kwa mgeni. Walianzia Kibati, wakapanda kama saa tano na walinzi wa Virunga wenye bunduki, wapagazi wakibeba mabegi, na usiku walilala katika vibanda vidogo ukingoni, wakitazama lava ikichemka chini yao. Watu walitoka Ulaya na Marekani kwa usiku ule mmoja. Mpagazi alipanda njia hiyohiyo, mzigo wa mwingine mgongoni, kesho yake akapanda tena. Mei 2018 wageni walipotekwa njiani, mlinzi mmoja wa kike aliuawa, na mbuga ikafunga milango kwa wageni mpaka Februari 2019. Wageni walirudi kwao salama. Mbele ya hatari alisimama mtoto wa nchi.

Sasa linganisha. Mgeni alilipa dola 300 ili aone lava. Mtu wa Goma aliiona bure. Mwaka 1977 ilishuka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ilikata mji katikati na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ilitoka bila mtu yeyote kupiga kengele, ikateketeza nyumba upande wa Buhene, na siku tano baadaye serkali ikaamuru kata 10 za mji zihame. Barabara ya Sake ikajaa miguu, magodoro na chukudu. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

Baadaye tulisikia kwamba ofisi ya wanasayansi wanaochunguza volkano pale Goma ilikuwa imekosa pesa, hata za kulipia intaneti ya mashine zake kwa miezi kadhaa. Hapo ndipo ninapokasirika. Mlima uliokuwa ukitozwa dola 300 kwa kila kichwa ulikosa pesa za kusikilizwa ukipumua. Hiyo mifuko ni tofauti, nitaambiwa, huu wa mbuga, ule wa serkali. Sawa. Anayekimbia na mtoto mgongoni haulizi mifuko ni mingapi.

Ninyi wa Goma mmebeba pia ujuzi ambao hauko kwenye kitabu cha msafiri. Mazuku, kwa mfano. Neno lenyewe ni letu, na wanasayansi wa dunia wamelichukua vilevile lilivyo. Ni hewa nzito ya kaboni inayopanda kutoka ardhini, haina rangi, na inajikusanya kwenye mashimo na mabonde, hasa alfajiri kabla ya upepo. Mbuzi anakufa wa kwanza kwa sababu kichwa chake kiko chini. Mtoto mdogo yuko hatarini kuliko mama yake aliyesimama, kwa sababu hiyohiyo ya kimo. Mtu aliyekulia pale anajua asipite wapi asubuhi, na asimlaze mtoto wapi. Anajua makoro mapya yanakaa na joto muda gani kabla hujakanyaga. Lakini vita ilipofika, watu waliwekwa Kanyaruchinya, hapohapo chini ya mlima, mahema juu ya makoro. Halafu mwanzoni mwa 2025, Goma ilipochukuliwa na M23, hata mahema yale yakavunjwa.

Huyu ndiye mtu anayelala Luwowoshi leo na kutafuta kazi ya kufua nguo. Kichwani mwake kuna elimu ambayo mgeni angelipia.

Wengine wanasema: lakini Katanga hatuna moto, hayo ni mambo ya Kivu. Hapana. Sisi tulitangulia. Mwaka 1952, Kiabukwa, upande wa bonde la Upemba, Wabelgiji waliweka mtambo mdogo kwenye chemchemi ya maji yenye joto la digrii 91. Ulitoa megawati 0.2 na kuulishia umeme mgodi. Afrika nzima haikuwa na mtambo mwingine wa aina hiyo; Olkaria ilikuja miaka 29 baadaye. Megawati 0.2 ni kidogo, migodi yetu ya leo ingecheka. Lakini piga hesabu ya nyumbani: ni taa 20,000 za wati 10. Kijiji, zahanati, shule, mashine ya kusaga mahindi ya bukari, na nyingine inabaki.

Mtambo ule umekufa zamani. Ulijengwa kwa ajili ya mgodi, na kijiji hakikuwa kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Sisi tunaujua mtindo huo. Ile laini kubwa ya Inga, karibu kilomita 1,700, inapita juu ya vijiji visivyo na hata balbu moja ili ifike Kolwezi, kwenye shaba. Nyaya zinaimba usiku juu ya paa za nyasi. Kiabukwa ilikuwa hivyohivyo kwa udogo: moto wa ardhi ya watu, umeme wa watu wengine.

Kwa hiyo mtu akiniambia kesho tufungue utalii wa maji ya moto hapa Katanga, nitamwambia ndiyo, tena haraka. Haitakuwa safari ya siku moja kutoka Annexe, barabara zetu tunazijua. Lakini kabla ya kuchora tangazo, ajibu: gidi ni mtoto wa kijiji kile, au ni kijana wa mjini aliyesoma karatasi mbili? Chifu na wamama wanaochota maji pale wameulizwa, na jibu lao limeandikwa? Na mtambo ukifufuliwa siku moja, waya wa kwanza unaenda kwa nani? Asiyeweza kujibu hayo, afadhali achemshe maji nyumbani kwake.

Najua kuna wanaokasirika kusikia neno utalii wakati watu wanalala chini. Nawaelewa. Lakini msaada wa unga unaisha mwisho wa mwezi, ukifika. Kazi aliyokuwa nayo mtu kabla ya vita ni mali yake, hata akiwa mbali na mlima wake, na hakuna anayemuuliza. Wanaoandikisha wahami wanauliza idadi ya watoto, jinsia, ugonjwa, mahali mtu alikotoka. Sanduku la ufundi kwenye ile karatasi ama halipo, ama linajazwa "mkulima" kwa kila mtu.

Basi ninaomba jambo moja kwa wakuu wa kata zetu, kuanzia Naviundu mpaka Kisanga. Mkipita tena na daftari, ongezeni mstari: ulifanya kazi gani? Mwenye kubeba mizigo Nyiragongo aandikwe hivyo. Mwenye kuongoza wageni, mwenye kupima joto la ardhi, mwenye kupika kwenye kambi ya mlimani, aandikwe hivyo. Na ninyi wenyewe, mkiwa bado na kadi ya kazi, cheti au hata picha ya zamani mko na wageni pale Kibati, msiitupe. Wekeni kwenye plastiki, mvua za Novemba hazina huruma na nyumba zetu. Walimu wa Kasapa waliotaka mtu wa kuwaeleza wanafunzi habari za volkano, gidi mnaye mtaa wa pili. Mlipeni nauli ya taksi.