Kilatini si Mali ya Ulaya

Nenda parokia yoyote ya Kikatoliki Tanzania, Kenya au Kongo siku ya ubatizo, utasikia watoto wakiitwa Monika, Augustino, Perpetua, Felista, Sipriani. Tumezoea kusema hayo ni majina ya Kizungu. Lakini Augustino alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, na Monika mama yake ni wa hukohuko. Perpetua na Felista waliuawa Karthago, katika Tunisia ya leo, mwaka 203. Sipriani alikuwa askofu wa mji huohuo hadi alipokatwa kichwa mwaka 258. Wote ni watu wa bara hili, na habari zao tunazijua hasa kwa sababu ziliandikwa kwa Kilatini.

Naanza na majina hayo kwa sababu kosa limetuingia mpaka kwenye vyeti vya kuzaliwa. Kosa lenyewe ni imani kwamba Kilatini ni urithi wa Ulaya, kwamba Mwafrika anayekisoma chuo kikuu anahudumia utamaduni wa wengine, na kwamba chuo chetu kikishajikomboa kifikra hakina haja nacho tena. Imani hii husemwa kwa sauti ya uzalendo, ndiyo maana wengi huona haya kuipinga. Mimi naipinga, na naipinga kwa ajili ya Afrika.

Tuyatazame maandishi. Waandishi wa vichekesho vya Kilatini ambao tamthilia zao zimesalia nzima ni wawili tu, na mmoja wao ni Terentius, aliyejulikana kwa jina la Afer, yaani Mwafrika. Suetonius anasimulia kwamba alizaliwa Karthago, akafika Roma akiwa mtumwa. Tamthilia zake sita, zilizochezwa kati ya mwaka 166 na 160 kabla ya Kristo, zilifundishwa katika shule za Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu moja. Vizazi na vizazi vya watoto wa Ulaya vilijifunza kusema Kilatini kizuri kutoka kwa mtu wa Afrika.

Riwaya pekee ya Kilatini cha kale iliyotufikia nzima, ile ya kijana Lucius aliyegeuka punda kwa uchawi, ni kazi ya Apuleius wa Madauros, Algeria. Mwandishi huyu mwenyewe alishtakiwa Sabratha, Libya ya leo, mnamo mwaka 158 au 159, kwamba alimroga mjane tajiri ili amwoe. Alijitetea mahakamani, na utetezi wake tunao hadi leo. Alipoguswa kuhusu asili yake, alijibu waziwazi kwamba ni nusu Mnumidia na nusu Mgaetuli, na kwamba haoni cha kumwaibisha hapo. Shtaka la uchawi, mali ya mjane, shemeji asiyetaka urithi utoke nje ya ukoo: msomaji wa Kiswahili hahitaji mtu wa kumfafanulia kesi ya namna hiyo. Mwanafunzi wa Oxford ndiye anayehitaji maelezo pembeni mwa ukurasa.

Augustino ananishughulisha kuliko wote. Mwaka 384 alipewa kazi ya kufundisha ufasaha Milano, mji wenye ikulu ya kaisari, na bado Waitalia walimkosoa matamshi. Ameyaandika hayo mwenyewe. Baada ya kurudi kwao, Maximus, mwalimu wa sarufi wa Madauros, aliyadhihaki majina ya Kipuni ya mashahidi wa Kikristo. Augustino alimkemea kwa kumkumbusha kwamba yeye Maximus ni Mwafrika anayewaandikia Waafrika, na kwamba wote wawili wako Afrika. Barua hiyo ina zaidi ya miaka 1,600. Mabishano ya lafudhi na majina ya asili, ambayo tunadhani yaliletwa na shule za wamisionari, yamo humo kwa wino wa mtu wa bara hili. Chuo kikuu kizima jijini Mwanza kina jina lake, na bado tunamzungumzia kama mgeni.

Wala walioandika Kilatini hawakuwa maaskofu na wasomi peke yao. Mwaka 1928, eneo la mpaka wa Algeria na Tunisia, zilipatikana mbao 45 zilizoandikwa kati ya mwaka 493 na 496, wakati wa utawala wa Wavandali. Ni hati za wakulima: mauzo ya vishamba na mizeituni, mahari, mauzo ya mtoto mtumwa. Kaisari wa Roma ya Magharibi alikuwa ameshaondolewa tangu mwaka 476, na watu hao bado waliandikiana kwa Kilatini, tena chenye tahajia inayofichua jinsi kilivyotamkwa kijijini.

Sikatai kwamba lugha hii ilitumiwa dhidi yetu. Wafaransa walipoiteka Algeria kuanzia mwaka 1830 walijitangaza warithi wa Roma waliorejea kwao, na magofu ya Kirumi yakageuzwa hoja ya kuwapora wenyeji ardhi. Nchini Malawi, Rais Kamuzu Banda alifungua Kamuzu Academy mwaka 1981, akalazimisha Kilatini, na walimu wakawa Wazungu walioletwa kutoka ng'ambo. Lakini angalieni: Banda aliyekitukuza na mzalendo anayekitupa wanakubaliana kwamba ni mali ya Mzungu. Mmoja anaisujudia, mwingine anaitemea mate, na hakuna aliyeuliza hati ya umiliki iko wapi. Waalgeria, waliomwaga damu kumtoa Mfaransa, waliandaa mkutano wa kimataifa juu ya Augustino mwaka 2001, Algiers na Annaba, wakamdai kuwa mtoto wa nchi yao.

Najua jibu litakalofuata: hao ni wa Kaskazini, si sisi. Mbona hatusemi hivyo kwa Ibn Battuta? Ni mtu wa Tangier, alifika Kilwa mwaka 1331, na hakuna mwalimu wa historia ya pwani anayethubutu kumwacha nje.

Tena Kilatini hakikuishia Kaskazini. Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, alitetea hoja huko Halle mwaka 1729 juu ya haki za watu weusi waliokuwa Ulaya. Maandishi hayo yamepotea, ila tasnifu yake ya falsafa ya mwaka 1734 ipo. Jacobus Capitein, aliyetolewa Afrika Magharibi akiwa mtoto mtumwa, alitetea huko Leiden mwaka 1742 hoja chungu kwamba utumwa haupingani na uhuru wa Kikristo. Ni hoja inayoniuma, na kwa sababu hiyohiyo nataka isomwe na watu wetu, neno kwa neno. Ruhusa ya Ureno kuwatia Waafrika utumwani nayo ni ya Kilatini: hati ya Papa Nikola wa Tano ya mwaka 1455. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, hati hiyo ilikuwa nyuma yake. Siku madai ya fidia yatakapofika mezani, nani wa upande wetu ataisoma bila kumtegemea mfasiri wa upande wa pili?

Wanaouliza ajira nawajibu kwa kifupi: hoja hiyo ingefuta pia historia, falsafa na fasihi ya Kiswahili, na huko pia siikubali.

Vyuo vikuu vya Ghana na Ibadan vimefundisha taaluma hii ya Kilatini tangu vilipoanzishwa mwaka 1948. Afrika Mashariki tumeiacha zaidi kwa seminari. Naomba idara moja, hata ya walimu watatu, ikae jirani na historia na akiolojia, isianze na Caesar na vita vyake huko Gallia bali na kesi ya Apuleius na mbao za wakulima. Ifundishe kwa Kiswahili. Mwanafunzi aliyezoea upatanisho wa ngeli tangu utotoni hatatishwa na kivumishi cha Kilatini kinachofuata nomino yake, ilhali vitabu vya Kiingereza vinatumia kurasa nyingi kumtuliza msomaji juu ya jambo hilohilo. Sarufi ya kwanza ya aina hiyo, yenye mifano kutoka Karthago na Madauros, inaweza kuandikwa Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi, na ianze kuandikwa sasa.