Kinanda cha Sonny na Sikio la Kaka

Wako wahakiki wasemao kwamba katika "Sonny's Blues", hadithi fupi ya James Baldwin wa Marekani iliyotoka mwaka 1957, muziki ndio uliowapatanisha ndugu wawili wa Harlem. Kauli hiyo ni tamu, lakini humwondolea kaka hatia yake na kuutwika muziki kazi isiyo yake.

Mama yao alikwisha kumweleza kaka habari za ami yao, aliyegongwa na gari la Wazungu walevi hali amechukua gitaa lake. Akamwusia asimwache mdogo wake. Kaka aliahidi. Kisha Sonny aliposema kuwa ataka kupiga jazi, huyo huyo mwenye ahadi alimwuliza kama ataka kuwa Louis Armstrong. Jina la Charlie Parker hakupata kulisikia! Sonny alipokamatwa kwa ajili ya heroini, kaka alizisoma habari hizo gazetini, kama asomavyo mtu baki. Hakumwandikia barua hata alipofiwa na bintiye mdogo, Grace, kwa ugonjwa wa polio.

Basi kilichomfungua masikio ni kaburi la mtoto, wala si kinanda. Kinanda kilikuwa kikilia miaka yote, naye hakuwa na haja nacho. Usiku ule wa mwisho, kilabuni, anasikiliza kweli. Lakini Sonny amekwisha kumwonya kwamba maradhi yake yaweza kurudi, na Baldwin hakuandika popote kwamba hayatarudi.